Kaburi la Mtani Wangu

Udongo wa kwanza uliniangukia magotini. Wa pili kifuani. Nilikuwa nimelala chali ndani ya mwanandani, kile kishimo chembamba cha chini kabisa kaburini anamolazwa maiti, shuka nyeupe imenifunika uso, na juu yangu mtu alikuwa akihema huku akichota udongo kwa jembe, kama afanyaye kazi ya thawabu.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimekufa.

Msinicheke bado. Ulikuwa mwaka wa vita, Mdachi akirudi nyuma kupitia milima yetu ya Uluguru, na mizinga ilinguruma kutwa upande wa Morogoro kama mawe yanayoporomoka yasifike chini. Akafariki Mzee Kibwana wa kule juu ya Matombo. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu mtani hana ruhusa ya kulia msibani. Kazi yake ni kuchimba kaburi, kumsema marehemu, na kuwachekesha wafiwa mpaka wapate nguvu ya kumeza chakula. Mwenye kipaji huingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kitu.

Mimi kipaji nilikuwa nacho. Nilikuwa naitwa misibani mpaka Bigwa. Kuna mfiwa nilimchekesha hadi akasahau nani kafa, akaanza kumuulizia.

Wasichokijua ni kwamba mwenyewe sikuwa nacheka. Tangu ndui imchukue mke wangu Chausiku, kicheko kilipita kwangu kama maji yanavyopita kwenye mwanzi: yanafika kwa wengine, mwanzi wenyewe haunywi. Nikiwa peke yangu nilikuwa namwambia, nikipata nafasi nitakufuata hata kesho. Niliamini hivyo kabisa.

Basi alasiri ile, ukungu umeshuka hadi migombani, jeneza limewekwa kando, nikajitupa shimoni. Rafiki yangu Abasi na wenzake walikuwa wameshika pembe za shuka ya kusitiri kaburi.

"Mzee Yunusi," nilimwambia mdogo wake marehemu, "chumba hiki nimekipenda. Kaka yako mtafutie kwingine."

"Toka, mtani. Kaka yangu anapigwa baridi."

"Na impige. Sisi tukilala kwake, baridi ndiyo kitu pekee alichotugawia."

Abasi alicheka kuliko wote. "Mpeni jogoo huyo atoke, kabla hajaota mizizi."

Hapo ndipo mtu akasema, wala hakupaza sauti: "Askari."

Hakuna aliyeuliza wanataka nini. Walikuwa wanatafuta wapagazi. Waliokwisha kuchukuliwa milimani kwetu waliondoka na kamba shingoni, mizigo kichwani, kuelekea Rufiji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi. Nilisikia miguu ikitawanyika. Shuka ikaachiwa, ikanishukia mwili mzima. Kabla sijainuka, buti zilikuwa zimefika.

"Wamekimbia. Wameacha maiti wawili."

"Wafuateni," ikaamuru sauti nyingine. "Wewe baki hapa, huenda wakarudi."

Aliyebaki alisogea ukingoni mwa kaburi. Kisha akamsomea marehemu, yaani mimi, dua kwa sauti nzuri ya mtu aliyesoma chuo cha Kurani. "Watu gani hawa," akajisemea, "wanamwacha Mwislamu wazi kama mbuzi. Hata miti ya kumfunika hawakuweka. Utanisamehe, ndugu, sina muda." Akaokota jembe letu.

Ndiyo hivyo. Nikisema neno, kamba. Nikinyamaza, udongo.

Chuoni tulifundishwa kwamba mle ndani watakuja malaika wawili kukuuliza. Nikaona niwatangulie. Mola wako nani? Nikajibu. Mtume wako nani? Nikajibu. Maswali yakaisha, udongo haukuisha. Ndipo likaja moja ambalo sikuwahi kufundishwa jibu lake: haya Salehe, nafasi yako hiyo hapo. Unamfuata Chausiku?

Nikatafuta mzaha. Haukuja, humo hamkuwa na wa kumchekesha.

Nikashuka ndani yangu kwa kupapasa, kama mtu anavyoshuka korongoni gizani. Nikaipita mizaha. Nikaupita ubishi. Nikayafikia majonzi ambayo nilikuwa sijayagusa, ya baridi, yenye harufu ya karafuu maiti tuliyomnyunyizia Chausiku. Nikalia pale pale, mtani mzima, kimya kimya. Na chini ya majonzi hayo nikakuta kitu kidogo kimeketi, kinanisubiri. Kilikuwa furaha. Haikuwa na sababu wala haikuwa inamtazama mtu. Ilitaka ndizi mbivu. Ilitaka maji ya Ruvu asubuhi. Ilimkumbuka Chausiku bila kutaka kufa.

Kicheko kikanipanda, changu mwenyewe, cha kwanza baada ya miaka, na ndicho kilichokaribia kuniua. Niliuma shuka. Siafu akaniingia sikioni, mkubwa kama panya. Anayebisha na abishe, hakuwepo. Udongo ulikuwa umefika kidevuni.

Filimbi ikalia bondeni. Jembe likatupwa.

"Lala salama, ndugu yangu," akasema yule askari, akaondoka.

Mzee Yunusi alirudi ukungu ukianza kuwa mweusi.

"Mtani, bado umo?"

"Nimo."

"Jogoo tumemkamata. Toka."

"Simtaki."

Akanivuta mkono, akanitazama. "Mbona uso umelowa?"

"Umande," nikasema.

Tukamzika Kibwana sisi wawili, upesi, bila mzaha. Abasi walimkamatia mtoni. Waliomwona akipita kwenye kamba wanasema alikuwa akiwatania askari. Hakurudi.

Leo nimestaafu kazi ya reli, nakaa Mafiga. Kila baada ya sala ya alfajiri nalala chali, najifunika shuka usoni, nashuka. Wajukuu hudhani nasinzia. Siku nyingi naikuta ile furaha pale pale nilipoiacha. Siku nyingine Abasi amekaa kando yake, kamba shingoni, na tunasubiriana nani aanze kucheka.

Wanangu nimewausia jambo moja tu. Siku yangu ikifika, mtani akiingia kaburini mwangu akalala, jogoo wampe. Lakini kutoka, wasimharakishe.