Kuanua Dagaa Igombe

Wajukuu walipoiona bembea kubwa ya bustani ya michezo ikizunguka juu ya ukuta, walisahau kabisa kwamba walikuja na bibi zao. Waliruka kutoka garini hata kabla halijasimama vizuri, Winnie akawakimbilia huku akiwaita majina, na mumewe Yeremia akafuata nyuma na mabegi ya taulo. Kwenye kiti cha nyuma wakabaki mabibi wawili, kila mmoja dirishani kwake, na katikati yao kiti kitupu cha mtoto.

Prudencia ndiye aliyemzaa Winnie. Alikuwa amefika kutoka Muleba juzi yake kuja kuwasalimia. Kija ndiye aliyemzaa Yeremia, naye alitokea Usagara anakoishi na mwanawe mkubwa. Walikuwa wakwe kwa zaidi ya miaka kumi na hawajawahi kugombana hata mara moja. Lakini hawajawahi kuzungumza pia, ukiacha pole na safari, na mvua huko kwenu vipi. Siku zote kulikuwa na kitu cha kuwaokoa: mtoto wa kubembeleza, sufuria ya kuangalia, misa ya kuwahi.

"Mama zangu," Yeremia alisema alipowarudia, "ndani kuna kibanda kizuri chenye kivuli. Mtakaa pale mnywe soda, mtuone tunavyozunguka."

Wakaingia. Mhudumu wa getini akawagonga muhuri wa wino wa zambarau mkononi, wakaketi kibandani kama wageni rasmi wanaosubiri hotuba. Spika ilikuwa juu ya vichwa vyao. Muziki ulimpiga Prudencia kifuani mpaka soda ikawa haina ladha. Akamwona Kija anainama na kusema kitu.

"Unasemaje, Mama Yeremia?"

Kija akarudia. Prudencia akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hasikii.

"Nimesema nimezaliwa hapa!" Kija akapaza sauti, na kwa bahati mbaya wimbo ukaisha wakati huohuo, watu wa meza za jirani wakageuka kumtazama.

"Hapa wapi?"

"Hapahapa Igombe. Nyuma ya ukuta huo." Akaweka chupa mezani. "Mama Winnie, mimi huwa naletwa hapa na hawa watoto kila mara. Naishia kwenye kiti hiki. Wewe unaweza kutembea kidogo?"

Prudencia alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili na viatu vyenye kisigino kidogo. Akasema anaweza.

Nje ya geti upepo wa ziwa uliwapokea, na kelele zikabaki nyuma ya ukuta. Kija akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kutembea mbele kwa hatua ambazo Prudencia hakuwahi kumwona nazo. Kwa Winnie alikuwa bibi wa kukaa. Hapa alikuwa mtu mwenye haraka.

"Hapa penye magari palikuwa na mihogo ya baba," akasema. "Ng'ombe walikuwa wanapita hapa kwenda kunywa maji. Ukiwaacha waingie kwenye mihogo, utalala na njaa. Na pale kwenye nguzo ya umeme alikaa bibi mmoja aliyekuwa akitugawia karanga, ila lazima kwanza umsaidie kuzimenya."

Prudencia alitazama nguzo, akatazama magari. Hakukuwa na cha kuona, lakini Kija alikuwa anaona kila kitu.

Walipopanda kidogo wakakuta jiwe kubwa limelala kifudifudi, kama yale yaliyotapakaa Mwanza nzima, ila hili lilikuwa na mfereji mpana katikati, umeng'aa kutoka juu hadi chini. Prudencia akalipapasa. Lilikuwa laini kama sahani.

"Nani amelisugua hivi?"

"Makalio yetu," Kija akajibu bila kutabasamu. "Tulikuwa tunateleza hapa kutwa. Mama alinishonea kiraka nyuma ya gauni, kikatoboka, akashona kingine juu yake. Mwisho akasema sasa utateleza na ngozi yako mwenyewe."

Prudencia akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilichomtoka kabla hajaziba mdomo, na Kija naye akaanza kucheka, wakashikilia jiwe.

Chini ya jiwe ndiko kulikokuwa na mwalo, mahali pa kutia nanga mitumbwi na kuanika dagaa. Ufuo mzima ulikuwa umetandikwa nyavu chakavu, na juu yake dagaa wakimeta kama bati jipya. Mwanamke mmoja tu alikuwepo, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Alipomwona Kija alikinga macho kwa kiganja, akamwita kwa jina la baba yake.

"Ng'wana Mashimba? Ni wewe au macho yangu?"

"Ni mimi, Suzana."

Walikumbatiana kwa muda mrefu, wakisema Kisukuma kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Halafu Kija akakumbuka. "Huyu ni mkwe wangu, mama yake Winnie. Ametoka Muleba." Akamgeukia Prudencia. "Suzana tulichunga naye, tukateleza naye. Kiraka kimoja tuligawana."

Suzana akaeleza kwamba goti linamsumbua, ndiyo maana amebaki. Wenzake wote walikuwa wamekwenda msibani Kayenze, na dagaa wao wamemwachia yeye. "Nawalinda na kunguru tu," akasema. "Kazi ya kukaa."

Alikuwa bado anasema hivyo upepo ulipobadilika. Prudencia aliuhisi shingoni, wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa. Wote watatu wakageuka. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye maji, nyeusi tii, na mbele yake kulikuwa na ukungu mweupe unaotembea.

"Yesu wangu!" Suzana akainuka, goti likamkatalia, akashikilia ndoo. "Dagaa wa watu!"

Kija alikuwa ameshatupa viatu. Alipiga magoti kwenye wavu wa kwanza, akaanza kukusanya. Prudencia alibaki amesimama na mkoba begani. Lilikuwa gauni lake zuri. Na hakuwahi kushika dagaa wengi kuliko wa kuwekea nyanya na vitunguu.

Ngurumo ikapita juu ya ziwa, na ndani ya ngurumo hiyo Prudencia akamsikia mama yake.

Uani kwao, Muleba, kahawa ilikuwa inaanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba. Mvua ikichungulia tu, mama alipiga ukelele mmoja, "Kahawa!", na nyumba nzima ilitoka mbio: watoto, mgeni aliyekuja kusalimia, hata baba na mkono wenye chakula. Wakati huo hakuna mkubwa wala mdogo. Kuna mikono tu, na jamvi linalokunjwa, na mama katikati akicheka kwa hofu. Ilikuwa miaka mingi Prudencia hajamsikia akicheka. Tangu kaka zake wang'oe mibuni ile na kupanda miti ya mbao, hata harufu ya ua ule ilikuwa imempotea.

Akaweka mkoba juu ya jiwe, akavua viatu, akapiga magoti.

Hakuanza pale alipoanza Kija. Alikwenda upande wa chini, kwenye bonde ambako maji yangekusanyika kwanza, akashika pembe mbili za wavu na kuzivuta juu, dagaa wakaporomokea katikati kama maharage kwenye ungo.

"Shika huko!" akamwita Kija, kwa sauti ambayo hakuitegemea. "Vuta kwako! Haya, funga!"

Kija akashika, akavuta. "Nani amekufundisha dagaa wewe?"

"Ni kahawa hiyo, Mama Yeremia! Vuta!"

Suzana alichechemea na viroba, akawa anavifungua midomo wamiminie. "Anzeni na nyavu za wenzangu," alikuwa anasema. "Huo wa Rose. Na huo mkubwa wa Odeta, ana watoto shuleni. Wangu ni ule wa mwisho, uacheni."

"Tutaufikia," Kija akasema.

Hawakuufikia. Matone ya kwanza yalianguka mazito kama kokoto wakiwa wanafunga turubai juu ya rundo la viroba, na walipougeukia wavu wa Suzana, maji yalikuwa yanapita katikati yake yakielekea ziwani na dagaa wake. Prudencia alikimbia hata hivyo. Aliokoa alichoweza kwenye pindo la gauni, akarudi amelowa chapachapa, nywele zimemganda usoni.

"Inatosha, mama," Suzana akamwambia na kumshika mkono. "Njooni ndani."

Jikoni kwa Suzana waliketi karibu na mafiga, wamevaa kanga zake, nguo zao zikining'inia juu ya moshi. Suzana aliwapa chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Hakuzungumzia dagaa wake. Prudencia ndiye aliyeshindwa kunyamaza.

"Lakini kwa nini ulituambia tuanze na nyavu za watu?"

Suzana akamtazama kana kwamba swali lenyewe hakulielewa. "Wao wako msibani," akasema. "Mimi nipo."

Mvua ikapiga bati. Prudencia akaanza kusimulia habari za mama yake: majamvi, ukelele, baba na tonge mkononi. Alisimulia mambo ambayo hata Winnie hakuwahi kuambiwa. Kija alisikiliza, amekumbatia kikombe.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

"Immaculata."

"Wangu aliitwa Nyanzala. Tulipohama na ng'ombe, malisho yalipoisha hapa, alilia mpaka Usagara. Mimi nilikuwa nimeshaposwa, nikajifanya sijali." Akapuliza chai. "Ningependa wangejuana hao."

Simu ya Prudencia ikalia ndani ya mkoba, aliokuwa ameuchukua juu ya jiwe wakikimbilia ndani. Alikuwa Winnie, na nyuma yake watoto wakipiga kelele.

"Mama, mko wapi? Tumewatafuta kibandani! Mvua haijawakuta?"

"Imetukuta. Tuko na Mama Yeremia, tunakunywa chai."

"Mko wawili?" Winnie akauliza.

"Watatu," Prudencia akasema. "Kaushaneni kwanza. Tukimaliza tutakuja."

Njiani kurudi mjini madirisha yalishushwa yote, na wajukuu walijibana pua wakilalamika. Mabibi hawakuwajibu. Walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini kama rundo lile litapata joto na kuharibika chini ya turubai.

Asubuhi, baada ya misa, Prudencia alimwambia mkwewe Yeremia kwamba basi la Muleba litamsubiri mpaka kesho. Kwanza awapeleke Igombe, kwa sababu jua limetoka na Suzana hawezi kuanika peke yake na goti lile. Kija alikuwa ameshakaa garini, mbele, na ndala za Winnie miguuni.