Vipande Kumi vya Shangazi

Kazi yangu ni kukata. Uvimbe wa mgonjwa huletwa maabara ndani ya donge la nta, wenyewe mdogo kama punje ya mchele, nami naukata kwa mashine vipande vyembamba ambavyo ukipiga chafya hutaviona tena. Kipimo kimoja kinataka vipande kumi. Tunatafuta kosa fulani kwenye seli za saratani, maana dawa mpya tunayoijaribu haipigi ovyo kama zile za zamani. Inawatafuta wenye kosa hilo tu. Kwetu, mwenye kosa ndiye mwenye bahati. Asiye nalo hapewi dawa.

Sheria ya maabara iko ukutani: sampuli ya ndugu yako, mpe mwenzako. Niliibandika mimi mwenyewe.

Ya shangazi ilipokuja sikumpa mtu. Shangazi ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, na uvimbe ulikuwa kwenye pafu lake la kulia. Mwenzangu wa meza ya pili tunamwita Kobe, kwa kuwa hakuna jambo linalomtia haraka. Nikajiambia Kobe atachelewesha. Uongo mtupu. Sikutaka tu mkono wa mtu mwingine uguse uvimbe wa shangazi.

Nikakata kumi. Jibu: kosa halipo.

Angekuwa mgonjwa mwingine ningeandika jibu nikaenda kula. Nikasema labda ni mashine. Nikakata kumi vingine. Halipo. Nikasema labda nimekata pembeni, penye nyama nzima. Nikakata kumi na viwili kutoka katikati. Halipo. Mashine haikuwa na tatizo lolote. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lenyewe lilikuwa langu.

Mwezi uliofuata daktari wake akanipigia simu, sauti imechangamka. Dawa ya pili imefika, inalenga kosa jingine, na wagonjwa wa aina ya shangazi wengi wanalo.

"Nikatie kumi tu," akasema.

Nikatoa donge kwenye droo, nikaliinua kwenye taa. Nta tupu.

"Uvimbe umeisha, daktari."

"Umeishaje? Si niliomba kipimo kimoja?"

"Nilirudia. Mara mbili."

"Kwa damu kosa hili halionekani. Na kumchoma tena tutoe kipande kingine hatuwezi, pafu lile halitastahimili. Bila kipimo simpi dawa, unajua."

"Najua."

"Sasa ulirudia kwa nini?"

"Ni shangazi yangu."

Hakunigombeza. Aliuliza tu nani atamwambia, nikasema mimi. Niliona haya kuliko nilivyoona huzuni.

Nilimkuta kitandani, anashona vifungo vya gauni la mteja. Nikamweleza tangu mwanzo, bila kujitetea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mara ya kwanza kipimo kilisemaje?"

"Halipo."

"Ya pili?"

"Halipo."

"Na ukakata tena."

"Nikakata tena, shangazi."

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Nikamshika mgongo mpaka kikatulia.

"Kitambaa cha mteja unakata mara moja, basi," akasema. "Cha mwanao ndicho unachokiharibu. Gauni lako la kwanza la shule nililikata mara tatu ili likukae vizuri. Likaishia kuwa sketi, tena fupi, mwalimu akakurudisha nyumbani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulifanyaje?"

"Nilinunua kitambaa kingine."

Uzi wake ulikuwa umekwisha, akanipa sindano nimtungie mwingine, macho yake siku hizi hayaoni tundu. Mikono yangu, inayokata vipande ambavyo chafya inaweza kuvipeperusha, ilishindwa mara nne. Shangazi alinisubiri, gauni la watu mapajani.