Chumba Chini ya Jukwaa

Remigius ndiye aliyeleta habari ya hoteli. Alipanda Mwika Jumapili baada ya misa, akaketi jikoni kwa mama yake, akala kiburu bakuli zima, ndizi na maharage yake, na kuyafuta mabaki kwa kidole kabla ya kusema kilichomleta.

"Mama, ule uwanja wa mpira wa pale mjini una vyumba vya wageni. Viko chini ya jukwaa lenyewe. Ukifungua dirisha unaliona goli. Jumatano timu yetu inacheza na watu wa Tanga. Nataka baba akaone mpira kwa macho badala ya kuusikiliza redioni. Mlale huko, Alhamisi niwarudishe."

Magdalena alikuwa anamenya ndizi za jioni. Aliendelea kumenya. Mwanawe huyu wa kwanza alikuwa na duka Shirimatunda, pembeni mwa mji, na mkono wake haukuwa mwepesi kutoa.

"Na huku nyumbani?"

"Atabaki mdogo wangu Valerian. Amepata vijana wa Kahe wenye nguvu. Wakianza Jumatano tukishaondoka, Alhamisi asubuhi kahawa yote iko chini."

Kisu kikasimama.

Sirili, mume wake, alikwisha kulisema jambo hilo mbele ya paroko na mbele ya majirani: kahawa haing'olewi yeye akiwa anapumua. Lakini miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wameingia na mizani zao, kila mmoja na bei yake, na bei zote zilikuwa za kumliza mtu. Majirani walikwisha kung'oa kimyakimya, wengine wakapanda nyanya, wengine majani ya ng'ombe. Vijana wake wawili walikuwa wamemwomba baba yao kwa maneno makali, naye akawajibu kwa makali zaidi, na tangu hapo wakawa wanasalimiana tu.

Tena mgongo uliobeba kahawa ile ulikuwa wa Magdalena. Sirili alipogoa na kupulizia dawa ya mrututu, kazi za kuonekana. Kuchuma, kuchota maji ya kuoshea, kuanika, kukimbia kuianua mvua ikitishia, kuchambua mbovu na nzima hadi macho yakauma, hizo zilikuwa zake.

"Nani atamwambia?"

"Hakuna wa kumwambia, mama. Atakuta. Unamjua baba, akikuta jambo limekwisha, hunyamaza."

Magdalena aliutazama moto.

"Lile shati lake jeupe lina doa," akasema. "Nitalifua kesho."

Remigius akaelewa kwamba mama amekubali.

*

Chumba kilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Dari yake ilishuka kwa ngazi ngazi, maana juu yake ndipo watu wanapokaa kutazama mpira, na upande wa kichwani mwa kitanda ilikuwa chini sana hata Sirili akavua kofia kama anayeingia kanisani. Kitanda kimoja kikubwa, chandarua cha rangi ya waridi kimefungwa fundo, blanketi la kijivu, sabuni ndogo ambayo haijaguswa. Kandambili zilikuwa zimekatwa pembe kusudi zisiibwe. Dirishani palikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia mipira, na nyuma ya wavu, majani mabichi mpaka kwenye goli la mbali.

Aliyewapokea alikuwa Mwantumu, mama wa mjini mnene mwenye ushungi na mafunguo mengi kiunoni.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi. Karibuni fungate."

"Marahaba," Sirili akacheka. "Fungate gani, mwanangu, na wajukuu wako darasani?"

"Haichelewi, babu. Ila mkigombana msipige ukuta. Chumba cha pili wamelala Watanga, wachezaji, tusije tukaambiwa tumewaroga."

"Maji ya moto yapo?" Magdalena akauliza.

"Yapo, bibi, yakitaka."

Mpirani, Remigius aliwakalisha mahali penye kivuli. Sirili na shati lake jeupe aliketi amenyooka, mikono juu ya fimbo. Mchezaji wa Moshi akipiga pasi nzuri, alipiga makofi. Mchezaji wa Tanga akipiga pasi nzuri, alipiga makofi vilevile. Kijana mmoja nyuma yao akashindwa kuvumilia.

"Mzee, chagua upande!"

"Nimechagua mpira."

"Huyo katumwa, jamani! Mpekueni mifukoni, ana halua ya Tanga!"

Jukwaa zima likacheka, na Sirili akacheka kuliko wote, akapekua mifuko yake mwenyewe na kuigeuza nje wote waone. Magdalena alikuwa hajamwona akicheka vile tangu ugomvi na watoto uanze. Alifungua mfuko wa karanga, akaufunga tena. Mwilini alikuwa uwanjani. Masikioni alikuwa anasikia majembe.

Mechi ilipokwisha Remigius aliaga. Alimvuta mama yake pembeni.

"Ukihitaji lolote, pale mapokezi wana namba ya dukani. Nitakuwepo mpaka saa mbili." Kisha akashusha sauti, "Mambo yanakwenda vizuri. Leo wanamaliza kipande cha chini." Akamkonyeza, kama watu wanaomwandalia mzee sikukuu.

*

Jua lilikuwa bado halijazama. Sirili alivuta kiti dirishani akawa anamtazama mtu aliyekuwa anamwagilia nyasi kwa mpira mrefu.

"Ardhi yote hii, Mama Remi, na hakuna hata mgomba mmoja. Mimi ningeanza pale kwenye kona na mistari ya kahawa, katikati migomba ya kivuli. Goli ningeliacha. Ningefungia ng'ombe."

"Na wachezaji?"

"Wangekuja kuchuma."

Magdalena akatabasamu, na tabasamu likamuuma. Alitoa kiburu alichokifunga nyumbani, akamkatia kipande kikubwa. Sirili alikishika bila kula.

"Nimewaza," akasema. "Pale nilipokuwa nacheka na wale vijana, nikamtazama Remigius pembeni yangu. Nikasema, huyu nimemnunia miezi mingapi, na bado amenileta mpirani. Nimewabana sana hawa watoto. Kesho tukifika nitawaita wote wawili. Kipande cha chini wachukue. Wang'oe, wapande hizo nyanya zao. Nilikuwa nasubiri waniombe vizuri, lakini naona tutazikana tunasubiriana."

Magdalena akaweka kisu chini.

"Kile cha juu tu waniachie. Mibuni aliyopanda baba, inayozunguka kaburi lake. Ile sitaki iguswe. Nikishalala pale na mimi, watajua wenyewe."

"Ya juu," Magdalena akasema.

"Ya juu tu. Mbona unanitazama hivyo?"

"Nakusikiliza, Baba Remi."

"Na wewe umechoka na kahawa, najua. Sijawahi kukwambia kwamba najua." Akaumega kiburu, akamrudishia nusu. "Tangu nikuoe sijakulaza mahali ambapo mtu mwingine anatandika kitanda. Nashukuru mtoto ameniwahi."

Magdalena aliweka kile kipande juu ya meza ndogo, akasema anakwenda kuulizia maji.

Ukumbi ulikuwa mrefu, na harufu ya dawa ya misuli ilitoka chumbani kwa Watanga. Mwantumu alikuwa mapokezi anakunja mashuka. Simu ilikuwa karibu na kiwiko chake, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Bibi, unataka simu? Mwanao ameacha namba, ngoja nikupigie. Bado yupo."

Mkono wa Mwantumu ukawa tayari umeinua kile kitambaa.

Ilikuwa rahisi hivyo. Remigius angewasha pikapu, angepanda Mwika jioni ileile, angemwambia mdogo wake: ya juu muiache. Vijana wa Kahe wangelipwa na kurudi kwao. Kesho Sirili angefika na kukuta kipande cha chini kitupu, angekasirika, lakini ni kile alichokwisha kukitoa moyoni.

Ila angeuliza. Angeuliza walijuaje ya kuiacha, na hapo angejua kwamba alipokuwa anasema maneno yake pale dirishani, mkewe alikuwa anajua kila kitu na kiburu mkononi. Akilini Magdalena alikwisha kuiona furaha ya jioni hii ikiondoka usoni mwa Sirili. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na jambo jingine ambalo hakutaka kulitazama: kile kipande cha juu ndicho chenye mteremko mkali, ndiko alikoanguka na debe la maji akiwa na mimba ya Valerian, na sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inakisubiri kilale chini.

"Bibi?"

"Maji ya moto, mwanangu," akasema. "Kama yamekubali."

"Yamekubali leo. Una bahati." Mwantumu akakirudisha kitambaa, akakinyoosha pembe kwa vidole.

Aliporudi, Sirili alikuwa ameosha vikombe na kummiminia chai ya chupa. Walikunywa wakisikiliza Watanga wakilaumiana kwa lile goli walilofungwa. Sirili alilala upesi, mgongo umeelekea ukutani kumwachia yeye nafasi kubwa. Magdalena alisali rozari, akapotea katikati ya kumi la pili, akaanza upya, akapotea palepale. Alijiambia kwamba saa mbili bado haijafika. Kisha akasikia mapokezi wakifunga mlango wa chuma, na akajua imepita.

*

Asubuhi Sirili aliomba ruhusa kwa Mwantumu akakanyage uwanja. Alivua viatu, akakunja suruali, akatembea polepole hadi katikati, akasimama kwenye umande kama padri anayebariki shamba.

Remigius alifika wakati huo. Hakuwa ametoka Shirimatunda. Buti zake za mpira zilikuwa na udongo mwekundu wa Mwika, na kwenye udongo yalikuwa yamenata maua meupe ya mibuni, maana mvua za vuli zilikuwa zimegusa na kahawa ilikuwa imechanua.

"Nilipofunga duka nilipanda, nikalala huko huko nisaidie," akasema kwa furaha ya kuchoka. "Valerian ameamkia ya juu. Mpaka tufike watakuwa wamemaliza."

"Alitaka mwache ya juu," Magdalena akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Aliniambia jana, mechi ilipokwisha. Ya chini amewapa. Ya juu alitaka iachwe."

Remigius akabaki amemtazama. "Jana? Mama, si nilikuachia namba?"

Magdalena aliingia uwanjani na viatu vyake, akatembea juu ya zile nyasi hadi kwa mumewe. Mtu wa kumwagilia akampigia kelele kuhusu viatu, hakugeuka.

"Baba Remi. Wameng'oa kahawa."

Sirili akageuza kichwa kidogo, kama mtu ambaye sikio lake moja ni zito.

"Ya chini?"

"Ya chini jana. Ya juu ndiyo wako nayo saa hizi. Ndiyo maana tumeletwa huku."

Alitazama goli. Alitazama miguu yake.

"Jana nilipokwambia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na simu ipo pale mapokezi."

"Ipo."

Sirili alivaa viatu bila kufuta miguu, akaenda kwenye pikapu na kuketi nyuma, penye magunia, ingawa Remigius alimsihi, "Baba, tafadhali, pita mbele."

Njia nzima Magdalena alitazama mbele. Nyuma yake, kupitia kioo, aliona bega moja la shati jeupe likipigwa na upepo.

Mibuni ya juu ilikuwa imelala yote, mizizi juu, maua bado hayajanyauka. Harufu yake nzuri ilikuwa imejaa kihamba chote, shamba zima la nyumbani, mpaka barazani, harufu ya kila mwaka. Vijana wa Kahe walikuwa wanaosha majembe. Valerian alikuja mbio, mikono imechubuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Sirili akasema, akampita. Akaenda kuketi juu ya shina moja lililoanguka, karibu na kaburi la baba yake, ambalo sasa lilionekana wazi hadi barabarani.

Magdalena alisimama uani. Kisha akaenda mpakani, kwenye mimea ya masale. Kwao mtu aliyekosa huchuma jani la isale, akalishika kwa mikono miwili na kumpelekea aliyemkosea. Na anayepelekewa isale hana njia. Hata kama moyo unawaka, lazima asamehe. Hata watu waliomwaga damu wamesamehewa kwa jani hilo. Alikwisha kulishika moja chini kwenye shina lake.

"Magdalena."

Sirili hakuwa amemwita kwa jina tangu Remigius azaliwe. Sauti haikuwa kubwa.

"Usilete hilo."

"Baba Remi, niache nije..."

"Ukilileta nitakusamehe, sina ujanja. Ndiyo maana nakwambia usilete." Akapangusa udongo kwenye kiganja chake, polepole. "Bado sitaki."

Mkono wa Magdalena ulibaki kwenye jani. Lilikuwa la baridi na imara, na kuling'oa kungetaka kuvuta mara moja tu. Valerian alikuwa anamtazama, na Remigius, na wale vijana wa watu.

Akaliachia. Akaenda jikoni kuwasha moto, kwa sababu wafanyakazi walikuwa hawajala, na kupitia mlangoni alimwona mumewe bado ameketi palepale, amevuta tawi moja magotini, anachuma maua yake yaliyo hai, moja moja, na kuyaweka juu ya kaburi.