Kapu Juu ya Bomba

Mama Funguo aliingiza mkono chini ya kapu, akategesha kikombe cha bati mahali bomba lilipokuwa likivuja. Tone. Alisubiri mpaka akadhani maji yamekatika, ndipo likaja jingine. Kufuli lilikuwa jipya, kubwa kama ngumi ya mwanamume, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti wa Kamati ya Utalii.

Miaka tisa ufunguo wa bomba lile ulikaa shingoni mwake, ndiko jina lilikotoka. Wanawake ndio waliochimba mtaro, kuanzia chemchemi mlimani mpaka hapa, na wao ndio waliomchagua awe mlinzi kwa kuwa hakujua kupendelea. Kisha kijiji kikateuliwa kuwa cha utalii. Mkutanoni walielezwa kwamba wageni hawapandi ndege kuja kutazama bomba. Mabomba wanayo kwao. Wanataka kuona akina mama wakipanda kutoka mtoni na mitungi kichwani. Basi siku za wageni bomba linafungwa, linafunikwa kapu la kuvunia. Madumu ya plastiki yanafichwa. Kandambili zinafichwa. Na safari hii wageni walikuwa wamelala hapo hapo kijijini. Kapu lilikuwa pale tangu jana asubuhi.

"Nani kaweka kikombe hapa?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yake, shati limenyooshwa vizuri.

"Mimi, Mwenyekiti. Mjukuu wangu anaharisha, leo siku ya pili. Mwuguzi katupa dawa ya kukoroga kwenye maji safi, na ndani hamna hata ya kunawa. Nifungulie nijaze birika moja, nifunike mwenyewe."

"Saa hizi? Wageni wanakunywa chai pale, wanatuona."

"Birika moja tu, baba."

"Kwani mto umekauka?"

"Mwuguzi kasema ya mtoni asipewe, hata yakichemshwa. Mfereji wa vyoo vya wageni unamwagikia mle mle."

"We mama! Hayo usiyaropoke mbele za watu." Alikisukuma kikombe kwa ncha ya kiatu, kikabiringika na matone yake. "Zahanati hamtaki iezekwe? Paa litatoka kwa nani kama si kwa hawa? Kavue kandambili. Wewe ndiye unayeongoza msafara, una mwendo mzuri."

Kwenye mstari wa mitungi, jirani yake, mke wa fundi baiskeli, alimsogelea.

"Mama Funguo usiye na ufunguo! Sasa tukuite Mama Kapu?"

"Niite utakavyo, mwenzangu. Una maji ndani?"

"Ningekuwa nayo si ningenawa uso? Nimetoka na matongo yangu hivi hivi. Si ndiyo asili wanayoitaka?"

Mama Funguo hakucheka.

Walishuka, kamera zikishuka nao. Mtoni maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na povu jeupe la sabuni lilizunguka penye mawe. Alijaza mtungi. Mgeni mmoja, mwanamke wa rika lake, alisema jambo, na mkalimani mwenye miwani ya jua akageuka.

"Anauliza haya maji utayafanyia nini."

"Mwambie siwezi kuyafanyia kitu. Mwambie bomba tunalo, liko chini ya kapu, na mjukuu wangu anakauka ndani."

Mkalimani alimtupia jicho Mwenyekiti. Kisha akasema maneno mengi huku akitabasamu. Mgeni akaweka mkono kifuani. Wenzake wakapiga makofi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mnawakaribisha sana."

Juu, karibu na kapu, yule mgeni aliketi kwenye jiwe, akafungua chupa ya maji aliyokuwa hajaionja, akaanza kujimwagia miguuni kutoa tope. Maji yalikuwa maangavu. Yaliteremka katikati ya vidole vyake, yakazama ardhini. Mama Funguo, mtungi kichwani, alinyoosha mkono.

Mgeni alielewa upesi. Aliikung'uta chupa mpaka ikakauka, akampa.

Mwenyekiti alikuja mbio.

"Mama, mwaga. Jua lilikuwa mbele yao, picha zimeharibika. Mnarudia. Safari hii muimbe."

Mbali kidogo, mlangoni kwa Mama Funguo, binti yake alikuwa amesimama na mtoto begani. Mtoto hakuwa akilia tena. Kichwa kilikuwa kimelala upande. Binti aliinua birika juu, akaligeuza mdomo chini, mama yake aone.

"Mama, watu wanasubiri!" Mwenyekiti alihimiza.

Mama Funguo alimwaga. Akashuka tena, mtungi kichwani, chupa tupu mkononi, na nyuma yake mke wa fundi baiskeli akaanzisha wimbo.

Pale juu, kuku wa Mwenyekiti aliingiza shingo chini ya kapu. Alisubiri tone, akanywa, akainua kichwa, akasubiri jingine.