Kamba ya Don Eusebio

Bi Mwatima hakupenda suruali zenye hadithi. Suruali ni kitambaa, uzi na zipu. Hadithi ya nini? Lakini jinzi zote za Liang, mwenye karakana pale Xintang, China, zilishonwa kiunoni kipande cha ngozi chenye ramani: kilima, mto, mti mmoja na fuvu la ng'ombe.

"Hebu muulize, hili fuvu la nini?" alimwambia Yasir.

Yasir alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Mwaka wa nne huu anaishi Guangzhou, Kichina anakitafuna kama karanga, na kila neno baina ya Bi Mwatima na wenye viwanda lilipita kinywani mwake. Iddi iliyopita, suruali ambazo Yasir alimtumia Bi Mwatima dukani kwake Darajani, Unguja, zilifuliwa mara moja tu zikapanda juu ya vifundo. Wateja walizirudisha, wengine wakamtupia mezani. Kosa jingine kama lile, duka lingefungwa. Ndiyo maana safari hii, mwaka wa tisini na nane, alikuja mwenyewe kuukagua mzigo kabla kontena halijafungwa.

Liang alifurahi kuulizwa. Aliweka kikombe cha chai chini akaeleza, Yasir akifasiri.

Ramani ilikuwa ya ranchi, enzi California ikiwa bado chini ya Mexico. Gavana alimpa askari mstaafu, Don Eusebio Larraga, ardhi ya kufugia ng'ombe: kutoka penye fuvu mpaka kwenye mti, kutoka kwenye mti mpaka mtoni. Siku ya kupima walikuja wapanda farasi wawili na kamba ndefu ya ngozi. Mmoja anasimama penye kigingi, mwenzake anakimbiza farasi mpaka kamba inyooke, wanahesabu moja. Wanasogea, wanahesabu mbili, hivyo hivyo mpaka jua linakuchwa. Kisha Don akang'oa majani, akavunja tawi, akarusha mawe pande nne, majirani wakishuhudia. Basi, yake.

"Ndiyo kupima huko?" Bi Mwatima aliguna. "Na farasi akipinda?"

"Wote walipimiwa hivyo, mama mkubwa."

Baadaye Wamarekani waliitwaa nchi, wakamtaka kila mwenye ardhi athibitishe mahakamani. Walipima upya kwa mnyororo wa chuma, na ranchi ikaizidi hati yake kwa karibu robo. Don akaitwa mwizi. Kesi ilikula miaka kumi na saba, ikala ng'ombe, ikala na malisho. Akabakiwa na nyumba na kisima. Babu wa babu yake Liang, aliyetoka vijiji vya huku kwenda kutafuta riziki ng'ambo, alikuwa mpishi wake wa mwisho. Ndiye aliyerudi na nakala ya ramani.

"Ilizidije?"

Liang alieleza kirefu, mikono ikikamua kitu hewani.

"Anasema kamba ilikuwa na kasoro," Yasir alisema.

Maneno yote yale, yametoka haya tu? Bi Mwatima alimkazia macho. "Mbona yeye kakamua?"

"Basi, waliilowesha. Ngozi ikilowa inavutika."

"Aliyeilowesha nani? Don?"

Liang alisema neno fupi, akimtazama Yasir, si yeye.

"Shemeji yake," Yasir alikohoa. "Ndiye aliyeshika kamba. Alidhani anamsaidia. Mama mkubwa, tusaini tupokee mzigo, basi litatuacha."

Roho ya Bi Mwatima ilikataa kutulia. Yasir wa porojo, leo anakimbilia basi? Na huyu Liang, mbona mjuzi hivi wa vitu vinavyobadilika vikiguswa na maji? Alikwenda kwenye marobota, akachomoa suruali ya chini kabisa, akaipima kwa futi ya ushonaji. Akaonyesha ndoo.

"Utamtia aibu mwenye kiwanda!"

"Akiona aibu atajifunika. Maji ya moto!"

Suruali ilifuliwa, ikapigwa pasi mpaka ikakauka. Mguu ulikuwa umepungua vidole vitatu.

"Mwambie yeye mwizi," Bi Mwatima alisema.

Yasir alitazama sakafu. Liang hakungoja kufasiriwa. Aliingia ofisini, akarudi na vipande viwili vya kitambaa na karatasi ya oda. Cha kwanza alikielekeza kwenye mashine za kufulia: hiki kimeshafuliwa. Kwa cha pili alitikisa kichwa. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi, palipobandikwa kijisampuli cha kile cha pili. Chini yake palikuwa na saini ya Yasir.

"Na zile za Iddi?"

"Na zile za Iddi," Yasir alisema. "Kisichofuliwa ni rahisi, unapata suruali nyingi zaidi. Wallahi sikukuibia, mama mkubwa. Nilidhani utafurahi."

"Nilipokupigia simu nalia, ulikuwa unajua?"

Bi Mwatima alichukua kalamu, akafuta oda ya kitambaa cha pili, akagusa kitambaa cha kwanza na kuandika nusu ya idadi. Liang alitazama, akaitika kwa kichwa.

"Ngoja nimweleze vizuri—"

"Wewe kaa kimya."

"Nani atakufasiria kesho?"

"Sijui."

Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mashine za kufulia, mkoba mapajani, macho kwenye kitambaa chake kipya kinachoingizwa majini kabla ya kushonwa.