Tambi Zisizo na Sukari

Danieli alikuwa na wiki mbili tu tangu ahamie Mtwara kikazi, na mkewe alitaka jibu kabla ya Jumapili.

Rozalia alibaki Iringa, kwenye jiko la masista Waitaliano alikopika miaka kumi na minane. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Kutembea kulimchosha, lakini juu ya baiskeli hakukamatika. Basi alisema wazi: "Nitafutie mambo mawili. Mtaa ambao baiskeli yangu itapita, na mkahawa wa Kiitaliano wa kweli nipate kazi. Ukiyakosa, mimi sisogei. Tutaonana Krismasi."

Jumamosi Danieli alisali, akaazima baiskeli, akaanzia mtaa wa Likombe, maana Hemedi, mwenzake wa kazini bandarini, alikuwa amemsifia utulivu wake. Utulivu ulikuwepo. Na mchanga ulikuwepo. Gurudumu lilizama, akashuka, akasukuma nusu saa nzima huku akisali rozari. Alipomaliza fungu la tatu bado alikuwa anasukuma.

Ramani ya simu ilionyesha mkahawa wa Kiitaliano mmoja. Aliifuata kona kwa kona hadi kwenye gereji ya pikipiki.

"Mzungu alikuwepo hapa," fundi alimwambia. "Aliondoka."

"Lini?"

"Mimi nilipofika sikumkuta."

Danieli akaitazama simu, akaitazama gereji. Akampigia Hemedi kumuulizia panapopikwa tambi.

"Unataka tambi?" Hemedi akacheka. "Si ungesema! Nenda Magomeni kwa Bi Sharifa. Kwa tambi, mji huu hana mpinzani."

Moyo wa Danieli ukapata nguvu, hasa alipoona kuwa Magomeni baiskeli inakwenda yenyewe, njia ya lami na vichochoro vya udongo mgumu. Lakini kwa Bi Sharifa viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza.

"Ramadhani hii, baba," akasema Bi Sharifa, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. "Njoo magharibi ufuturu nasi."

Alirudi baada ya adhana, akamkuta Hemedi ameshakaa. Sahani ikaja. Tambi zilikaangwa zikawa za kahawia, zikapikwa kwa tui, sukari, iliki na zabibu kavu. Danieli alitafuna polepole, akijiuliza kama masista wa Iringa walikuwa wamekosea maisha yao yote.

"Mama, tamu sana. Lakini mke wangu huzipika kwa nyanya na vitunguu saumu. Na chumvi."

"Chumvi? Kwenye tambi?" Bi Sharifa akaweka birika chini. "Mkeo mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Ndivyo wanavyokula Waitaliano."

"Ndiyo maana yule Mzungu wa pale kwenye gereji alihama," Hemedi akadakia, na meza nzima ikacheka.

"Na wewe unazila, baba?"

"Nazila, mama."

"Subhanallah. Na hujadhurika."

Simu ikaita. Alikuwa Rozalia. Danieli akatoka nje. Angeweza kusema kwamba mkahawa upo, unaitwa kwa Bi Sharifa, na tambi zinapikwa. Kila neno lingekuwa kweli, na yote kwa pamoja yangekuwa uongo. Akaomba kimoyomoyo apewe ujasiri, akapokea.

"Magomeni baiskeli inapita," alisema. "Lakini mkahawa wa Kiitaliano hakuna. Nimepewa tambi za sukari, na wamenicheka niliposema habari za chumvi."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja, Rozalia. Nisamehe."

"Huyo mama ana majiko mangapi?"

"Nimesema hakuna mkahawa."

"Nimekusikia. Majiko mangapi?"

"Mawili. Matatu. Kwa nini?"

"Kamuulize kama mchana, baada ya Idi, yote anayatumia."

"Kwa hiyo unakuja au huji?"

"Muulize kwanza, mume wangu. Na nyanya za huko zikoje?"

Simu ikakatika. Danieli alisimama pale, hajui amshukuru Mungu au amwombe ufafanuzi. Alichotafuta hakikuwepo, na mkewe alikuwa na sauti ya mtu anayefunga mizigo.

Akarudi ndani. Bi Sharifa alikuwa anakosha sahani.

"Mama," alianza, "baada ya Idi, mchana, majiko yote unayatumia, au moja litamfaa mpishi wa tambi za chumvi?"