Maaskofu wa Sista Eufrasia

Fundi Bastiano, mchoraji, alituachia ukuta wa bwalo ukiwa mtupu, akaenda zake Perugia kwa watu waliomwahidi kazi kubwa zaidi. Mama Mkuu alikuwa ameshamwambia askofu kwamba Mtaguso wa Efeso, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa kale, utakuwa umechorwa pale ifikapo sikukuu ya Bikira Maria, mwezi wa Agosti.

"Nitauchora mimi," Sista Eufrasia akasema tukiwa mezani.

Alizoea kuchora watakatifu wadogo wadogo kwenye vitabu vya sala. Sista Petronila, mpishi wetu, akaangua kicheko. "Wewe? Hata ngazi ya ghalani unaipanda ukitetemeka!"

"Basi nitatetemeka hukohuko juu nikichora."

Mama Mkuu akamtazama, akasema, "Haya, anza."

Tulikoroga chokaa na mchanga, tukampigia lipu sehemu ya kumtosha kutwa moja, maana rangi hushika lipu ikiwa mbichi; ikikauka, umechelewa. Alianza na kiti cha enzi kilichobeba Injili. Asubuhi tukakikuta chote sakafuni. Lipu ilikuwa imezidi maji. Nilidhani atalia, lakini alipandisha mikono ya joho, akaanza kukwangua mabaki.

"Tuanze upya, dada zangu. Safari hii nipeni lipu, msinipe uji."

Ya pili ikashika. Kilichomsumbua zaidi ni nyuso. Wanaume hawaingii kwetu bila ruhusa ya askofu, kwa hiyo hakuwa na wa kuwatazama akichora, na ukuta ulitaka maaskofu tele. Mchana mmoja tukagombana kuhusu nani aliyeacha banda la kuku wazi. Kelele, vidole hewani, Petronila kasimama na upawa mkononi. Tukasikia makofi kutoka juu ya jukwaa la kuchorea, Eufrasia akitutazama.

"Hivyohivyo! Msinyamaze! Huo ndio mtaguso wenyewe!"

Tukawa maaskofu. Ukutani alituchorea ndevu na kofia ndefu. Mimi nikapata ndevu nyekundu na kidole cha kukemea. Pembeni mwa picha, nje ya mlango wa kanisa, akachora wanawake wa Efeso wenye mienge, wakishangilia kwamba Maria ametangazwa Mama wa Mungu.

Sikukuu ikafika, na Monsinyori Lattanzio, makamu wa askofu, akaja kubariki. Alisimama mbele ya ukuta, akaukagua toka mwanzo hadi mwisho.

"Nimekaa vikao vingi vya maaskofu," akasema mwishowe. "Hivi ndivyo tunavyofokeana." Akasogea. "Na huyu mwenye pua kubwa namjua. Nimemwona wapi?"

Petronila, aliyekuwa ameshika sinia la maandazi ya asali, akajifunika pua kwa aproni. Monsinyori akamtazama yeye, akatazama ukuta, akatutazama sote mmoja mmoja. Kisha akacheka mpaka akatafuta benchi.

"Nani kachora?"

"Mimi, Monsinyori," Eufrasia akajibu kwa sauti iliyolijaza bwalo. "Lipu wamepiga hawa."

Akainuka, akauelekea ukuta wa pili, mtupu. "Huu nao nautaka. Mtaguso wa Kalkedonia. Kule walizozana zaidi."

"Kwa kuzozana, Monsinyori, usiwe na wasiwasi," Mama Mkuu akasema.

Tukapiga kelele kama wasichana. Petronila akamkumbatia Eufrasia, sinia bado mkononi, asali ikamwagikia joho jeupe, na Mama Mkuu mwenyewe akaanzisha wimbo wa Bikira. Tuliimba madirisha yakiwa wazi, hata wachuuzi wa sokoni, chini ya kilima, wakaanza kuitikia.